Kupima mafuta ya ini kwa MRI: mwongozo kuanzia rufaa hadi majibu

Mtu akiambiwa ini lake lina mafuta, swali linalomtoka kwanza ni "mafuta kiasi gani?" Swali la pili, ambalo ndilo zito, mara nyingi haliulizwi: je, hayo mafuta yameshalitia ini makovu? MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, inaweza kujibu yote mawili, ila kwa vipimo viwili tofauti vinavyofanyika ndani ya mashine moja, na cha pili kisipoombwa hakifanyiki. Kazi yangu ni kupiga picha hizi. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa kioo nikiwahesabia watu pumzi, na kinachoniuma ni kumwona mtu anaondoka na jibu la swali la kwanza akiamini amejibiwa la pili.

Nimeandika kwa ajili ya mgonjwa na ndugu anayemsindikiza. Anayeandika rufaa naye atapata cha kuchukua.

Hatua ya 1: Jiridhishe kama unahitaji MRI

Si kila mwenye mafuta kwenye ini anahitaji MRI. Takriban watu wazima 3 kati ya 10 duniani wana hali hii, na mashine hizi hazitoshi kuwapima wote, wala hakuna haja. Kipimo cha kuanzia ni ultrasaundi. Haina mionzi na huyaona mafuta vizuri yakiwa ya wastani au mengi. Udhaifu wake uko kwenye mafuta machache: ini lenye mafuta kwenye asilimia 10 ya seli linaweza kuonekana safi kabisa. Skani ya CT nayo hupitwa na mafuta machache, na juu ya hapo inatumia mionzi.

Kabla ya kuwaza MRI, fanyeni hesabu ya FIB-4, inayokadiria hatari ya makovu kwenye ini. Inatumia vitu vinne ambavyo pengine tayari viko kwenye faili lako: umri, vimeng'enya vya ini AST na ALT, na idadi ya chembe sahani za damu. Zidisha umri kwa AST. Pembeni, tafuta kipeuo cha pili cha ALT, ukizidishe kwa chembe sahani. Gawanya jibu la kwanza kwa la pili. Tuchukue mtu wa miaka 52 mwenye AST 48, ALT 61 na chembe sahani 210. Mara 52 kwa 48 ni 2,496. Kipeuo cha pili cha 61 ni karibu 7.8, mara 210 ni kama 1,640. Ukigawanya unapata 1.52.

Chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo, na kwa kawaida daktari atakufuatilia bila haraka. Juu ya 2.67, hatari ni kubwa na mtaalamu wa ini akuone. Mtu wetu wa 1.52 yuko katikati, na hapo ndipo kipimo cha ugumu wa ini, unaoashiria makovu, kinapohitajika. Kwa aliyevuka miaka 65 mpaka wa chini hupandishwa hadi 2.0, kwa sababu umri wenyewe unaivuta namba juu. Kwa kijana aliye chini ya miaka 35 hesabu hii haiaminiki sana.

MRI inastahili pale vipimo vyepesi vinapogongana, pale mwili ni mnene kiasi kwamba ultrasaundi haipenyi vizuri, pale mtu anataka kumchangia ndugu yake kipande cha ini, au pale matibabu yameanza na mabadiliko yanatakiwa kupimwa kwa namba. Nje ya hayo, muulize daktari wako waziwazi: majibu ya MRI yatabadilisha nini kwenye matibabu yangu? Ni swali la haki, na daktari mzuri halichukii.

Kuhusu majina: karatasi za zamani zimeandikwa NAFLD. Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini vilikubaliana jina jipya, MASLD, likimaanisha mafuta kwenye ini pamoja na angalau dalili moja ya mwili kushindwa kusimamia sukari na mafuta, kama vile uzito mkubwa au kitambi, sukari ya juu, shinikizo la damu, trigliseridi nyingi au upungufu wa lehemu nzuri. Kwa hiyo ukiona majina mawili kwenye karatasi mbili, usidhani umepata ugonjwa mwingine.

Hatua ya 2: Angalia kilichoandikwa kwenye rufaa

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, nami naiona ndiyo yenye faida kuliko zote. Rufaa iliyoandikwa "MRI ya tumbo" peke yake itakupa MRI ya tumbo. Utapigwa picha nzuri za ini, figo na kongosho, na mwishoni ripoti itasema "ini lina dalili za mafuta". Hakuna asilimia, hakuna ugumu. Umelala kwenye mashine nusu saa ukarudi na jibu ambalo ultrasaundi ingekupa.

Rufaa iseme hivi, au maneno yanayofanana na haya: MRI ya ini kwa ajili ya kupima kiasi cha mafuta (PDFF) na chuma (R2*), pamoja na elastografia kwa ajili ya makovu. PDFF ni uwiano wa mafuta, yaani kati ya ishara yote inayotoka kwenye maji na mafuta ya ini, ni asilimia ngapi imetoka kwenye mafuta. Elastografia hupima ugumu.

Kisha piga simu kituo unachotumwa kabla ya kufunga safari, uulize mambo mawili: mashine yenu ina programu ya PDFF? Mna kifaa cha elastografia? Nguvu ya sumaku, iwe tesla 1.5 au 3, isikusumbue, kwani zote mbili hupima mafuta vizuri. Programu ndiyo ya kuulizia. Kuna mashine kubwa na mpya ambazo hazikuwekewa programu hiyo, na kuna za zamani zinazoifanya kazi hii bila tatizo.

Dawa ya kung'arisha picha, ile ya gadoliniamu inayopigwa kwenye mshipa, haihitajiki kwa kupima mafuta wala ugumu. Ikiwa daktari anaitaka kwa sababu nyingine, mfano ameona uvimbe kwenye ini, basi picha za mafuta zipigwe kwanza na dawa ifuate, maana dawa hiyo huweza kuvuruga hesabu.

Hatua ya 3: Elewa mashine inavyoyatambua mafuta

Unaweza kuiruka sehemu hii ukafika salama. Lakini anayeielewa hadanganyiki na ripoti, ndiyo maana naiweka.

MRI huzungumza na protoni za haidrojeni, na haidrojeni iko kwenye maji na kwenye mafuta pia. Ndani ya sumaku, protoni hizi huzunguka kama pia, kile kichezeo cha watoto. Zile za mafuta huzunguka polepole kidogo kuliko za maji, tofauti ya sehemu kama 3.5 kwa kila milioni. Kwenye sumaku ya tesla 1.5 hiyo ni sawa na mizunguko 220 hivi kwa sekunde.

Fikiria wakimbiaji wawili kwenye uwanja wa duara, mmoja akimzidi mwenzake mbio kidogo tu. Wanaanza pamoja. Baada ya muda mmoja yuko upande huu na mwenzake upande wa pili kabisa. Baadaye tena, wanakutana. Kwenye tesla 1.5, maji na mafuta hupingana baada ya milisekunde 2.3 hivi, na hukutana tena kwenye 4.6. Ukipiga picha wakiwa wamekutana, ishara zao zinajumlishwa. Ukipiga wakiwa wanapingana, moja inamla mwenzake. Ini lisilo na mafuta hubaki na mwanga uleule kwenye picha zote mbili, ila lenye mafuta huwa jeusi kwenye ile ya kupingana. Mbinu hii aliieleza Thomas Dixon mwaka 1984, na mpaka leo madaktari huiangalia kwa macho kabla ya hesabu yoyote.

Hesabu yake ya kienyeji iko hivi. Tuseme mwanga wa ini ni 400 kwenye picha ya kukutana na 280 kwenye ya kupingana. Tofauti ni 120. Gawanya kwa mara mbili ya 400, yaani 800, unapata asilimia 15. Rahisi, sivyo? Sasa mgonjwa huyohuyo awe na chuma kingi kwenye ini. Chuma hufanya ishara ife haraka kadiri muda unavyopita, na kwenye tesla 1.5 picha ya kukutana ndiyo inayochelewa. Kwa urahisi wa hesabu tuache ile ya kwanza ilivyo, ila hii ya pili ishuke kutoka 400 hadi 320. Tofauti imekuwa 40, gawanya kwa 640: asilimia 6. Mafuta ni yaleyale, namba imeanguka zaidi ya nusu, na mgonjwa anaambiwa yuko karibu na kawaida.

PDFF ilitengenezwa ili kuziba mianya ya namna hii. Badala ya picha mbili, mashine hukusanya miangwi mingi (ishara zinazorudi kutoka mwilini), kwa kawaida 6, ndani ya pumzi moja. Kutokana na hiyo hukadiria kasi ambayo ishara inakufa, ambayo ndiyo R2*, na kuiondoa kwenye hesabu ya mafuta. Huzingatia pia kwamba protoni za mafuta ya mwilini hazizunguki kwa kasi moja bali kadhaa, na hutumia mpigo mdogo wa mawimbi ya redio ili mafuta yasionekane mengi kuliko yalivyo. Ndiyo maana namba ya PDFF hubaki karibu ileile ukihama kutoka mashine moja kwenda nyingine, jambo ambalo picha mbili haziwezi. Na kwa kuwa R2* imeshapatikana, unajua hali ya chuma kwenye ini bila kulala tena kwenye mashine.

Hatua ya 4: Jiandae

Usile kwa saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo. Kwa mafuta peke yake chakula hakileti shida kubwa, lakini kwa elastografia ni muhimu sana. Ukishiba, damu nyingi hukimbilia kwenye ini kutoka utumbo, ini linajaa na kuwa gumu kwa muda. Mashine haijui kwamba ni chakula, itaandika ugumu tu. Dawa zako za kila siku unaweza kumeza na maji kidogo. Anayetumia insulini au dawa za kushusha sukari azungumze na daktari wake mapema kuhusu kufunga huko, asijiamulie.

Kuhusu chuma, nitasema bila kuzungusha: sumaku ya MRI haizimwi. Iko kazini hata usiku, hata chumba kikiwa kitupu. Mtaje mtaalamu kila kitu kilichoingizwa mwilini mwako: kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, klipu kwenye mshipa wa ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, vyuma vya mifupa, risasi, na hata vipande vya chuma vilivyowahi kuruka jichoni kwa waliofanya kazi ya kuchomelea au kukata vyuma. Vingi vya hivi havikuzuii kabisa, ila lazima aina ya kifaa ijulikane kwanza, kwa hiyo njoo na kadi yake. Wagonjwa wengi wa ini lenye mafuta wana kisukari, basi kumbuka pampu ya insulini na kile kitambuzi cha sukari kinachobandikwa mkononi au tumboni. Vingi hutakiwa kuvuliwa, na kitambuzi kikivuliwa hakirudi. Panga kipimo siku unayobadilisha, utaokoa kimoja. Viraka vya dawa vinavyobandikwa kwenye ngozi huwa na karatasi ya metali wakati mwingine, navyo huweza kuunguza.

Mjamzito aseme. Mwenye tatuu aseme pia, na akihisi joto pale ilipo abonyeze kengele.

Zoezi la pumzi lifanye nyumbani siku mbili tatu kabla. Lala chali. Vuta pumzi ya kawaida, itoe taratibu kama unayemaliza kusema, halafu zuia hapo hapo mapafu yakiwa yametulia. Hesabu hadi 15, kisha siku ya pili jaribu 20. Watu wengi wamezoea kuvuta pumzi kubwa na kuizuia. Tunapenda wazuie baada ya kutoa, kwa sababu ini hurudi mahali palepale kila mara.

Hatua ya 5: Ndani ya chumba

Utalala chali. Koili, kama blanketi gumu, italazwa juu ya tumbo. Kwa elastografia kuna kisahani cha plastiki kama ngoma ndogo kitakachofungwa kwa mkanda kwenye mbavu za chini upande wa kulia. Kina mrija mrefu unaotoka nje ya chumba hadi kwenye pampu ya hewa. Pampu ikiwaka, kisahani hutetemeka mara 60 kwa sekunde. Waliopimwa husema ni kama simu inayotetemeka juu ya mbavu. Haiumi. Mtetemo huo hupita ndani ya ini kwa mawimbi, mashine inayapiga picha, na kadiri ini lilivyo gumu ndivyo wimbi linavyokwenda mbio na kuwa refu. Wazo hili lilitoka Mayo Clinic, Marekani, mwaka 1995.

Ukisikia mkanda umelegea, sema. Kisahani kikihama kutoka mbavuni na kushuka kwenye tumbo laini, mawimbi hayafiki kwenye ini ipasavyo na kipimo kinaharibika.

Picha ya PDFF yenyewe ni pumzi moja, sekunde 20 au chini yake. Elastografia kwa kawaida ni pumzi nne fupi. Ukijumlisha matayarisho na picha za kuelekeza, mara nyingi unatoka ndani ya dakika 15 hadi 30. Kelele ni kubwa, kwa hiyo utapewa viziba masikio. Mkononi utashika mpira wa kengele.

Mama mmoja alishindwa pumzi tatu mfululizo. Kwenye skrini ukingo wa ini ulikuwa umejirudia kama picha iliyopigwa mkono ukitetemeka, na ramani ya mafuta ilikuwa na michirizi. Niliingia ndani, nikamuuliza nini kinamsumbua. Akasema, "Mwanangu, ukiniambia nizuie, naogopa utanisahau." Basi tukakubaliana kwamba nitahesabu kwa sauti kwenye spika kuanzia 15 nikirudi chini, ajue mwisho uko wapi. Mara ya nne picha ilitoka safi. Tangu siku hiyo humuuliza kila mtu kama anataka nimhesabie, nawe una haki ya kuomba hivyo.

Anayeogopa sehemu finyu aseme wakati wa kupanga miadi. Kufumba macho kabla kitanda hakijaingia, na usiyafumbue hadi utoke, husaidia zaidi ya watu wanavyodhani. Dawa ya kutuliza inawezekana, ila usingizi ukizidi huwezi kufuata maelekezo ya pumzi.

Hatua ya 6: Kupima kwenye skrini

Hapa mgonjwa ameshaondoka, lakini makosa mengi hutokea hapa.

Kwanza tunaangalia kama mashine haijachanganya maji na mafuta. Programu ikikosea, hubadilisha vyote viwili: penye maji inaandika mafuta. Namna ya kukamata kosa hili ni nyepesi. Tazama mafuta ya chini ya ngozi kwenye ramani, lazima yakaribie asilimia 100. Tazama bandama, lazima ikaribie 0. Bandama ikionyesha 90, ramani hiyo haifai, irudiwe.

Pili ni maduara ya kupimia. Ini halina mafuta sawasawa kila mahali. Karibu na kifuko cha nyongo kuna sehemu ambazo mara nyingi husalimika, na nyingine karibu na kano inayogawa ini hujaa mafuta peke yake. Upande wa kulia kwa kawaida huwa na mafuta zaidi kidogo kuliko wa kushoto. Mtu akiweka duara moja dogo mahali pamoja, anaweza kupata namba yoyote. Utaratibu mzuri ni kufuata mgawanyo wa ini wa Mfaransa Claude Couinaud, wenye sehemu 8, na ya nne ikigawanywa mara mbili zinakuwa 9. Duara moja kwenye kila sehemu, mbali na mishipa mikubwa, njia za nyongo na ukingo wa ini, kisha wastani. Ndiyo faida kubwa ya MRI juu ya sindano ya biopsi, ambayo huchukua takriban sehemu 1 kati ya 50,000 za ini.

Ripoti ikikupa asilimia bila kusema ilipimwa wapi na mara ngapi, una haki ya kuuliza.

Hatua ya 7: Soma namba

PDFF chini ya asilimia 5 huhesabiwa kawaida. Utafiti uliolinganisha PDFF na biopsi ulipata mipaka ya karibu 6.4 kwa mafuta ya daraja la kwanza, 17.4 kwa la pili na 22.1 kwa la tatu. Mipaka hii husogea kidogo kati ya tafiti, kwa hiyo usigombane kwa nukta.

Kuna mtego hapa unaowanasa wengi. Mzee mmoja alinionyesha ripoti yenye PDFF 24 akiwa ametulia kabisa. "Ni robo tu, mwanangu, robo tatu ya ini ni nzima." Ilibidi nimweleze pole pole: "Hapana mzee wangu, namba hii haihesabu seli." Daktari anayetazama biopsi kwa hadubini huhesabu ni seli ngapi zina tone la mafuta ndani, na daraja la tatu kwake ni zaidi ya asilimia 66 ya seli. MRI hupima ujazo wa mafuta yenyewe, na seli yenye mafuta bado ina maji mengi ndani yake. Kwa hiyo PDFF ya 24 ni ini ambalo karibu theluthi mbili ya seli zake au zaidi zimebeba mafuta. Ni daraja la juu kabisa. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza afanye nini, na hilo ndilo lililonifurahisha.

Sasa ugumu, unaoandikwa kwa kilopaskali. Kwa elastografia ya MRI, madaraja yanayotumika sana ni haya:

– chini ya 2.5: kawaida
– 2.5 hadi 2.9: kawaida, au ini limevimba kwa kuwaka, bila kovu la maana
– 2.9 hadi 3.5: makovu ya hatua ya 1 hadi 2
– 3.5 hadi 4: hatua ya 2 hadi 3
– 4 hadi 5: hatua ya 3 hadi 4
– zaidi ya 5: hatua ya 4, yaani sirosisi, ini lililojaa makovu

Usilinganishe namba hizi na za kile kipimo cha mtetemo kinachotumia ultrasaundi na kuwekwa ubavuni kwa kalamu. Vyote huandika kilopaskali, lakini vinapima sifa mbili tofauti za ugumu, na namba za kile huwa kubwa, kwa makadirio mara 3. Mtu aliyepata 6 huko halafu 2.3 kwenye MRI hajapona kwa muujiza. Na aliyepata 6 kwenye MRI asijifariji kwamba jirani yake alipata 6 pia akaambiwa hana shida.

Zisome namba mbili pamoja. Mafuta 20 na ugumu 2.2 ni ini lililojaa mafuta lakini bado laini, na lina nafasi kubwa ya kurudi. Mafuta 4 na ugumu 5.6 ni jambo la kutisha zaidi, ingawa mstari wa kwanza wa ripoti unasema mafuta ni ya kawaida. Sirosisi ikikomaa, mafuta huweza kupungua hadi kutoweka, makovu yakabaki. Anayesoma mafuta peke yake humwambia mgonjwa huyu aende nyumbani kwa amani.

Ugumu nao una vyanzo vingine visivyo makovu: moyo ulioshindwa kusukuma damu ikarundikana kwenye ini, homa ya ini inayowaka, njia ya nyongo iliyoziba, na chakula cha asubuhi ulichosema hukula. Chuma kikizidi sana, elastografia inaweza kushindwa kabisa. Ripoti ikisema "kipimo hakikufanikiwa", hiyo haina maana kwamba ini liko sawa.

Na kuna ambayo MRI haiyasemi. Haisemi kilicholeta mafuta. Mafuta ya pombe, ya kisukari na ya baadhi ya dawa kama amiodaroni, tamoksifeni au methotreksati yanafanana kwenye picha. Mwambie daktari kiasi cha pombe bila kupunguza, kwa sababu jina la ugonjwa na ushauri vinategemea hapo: mpaka wa MASLD ni chini ya gramu 140 za pombe kwa wiki kwa mwanamke na 210 kwa mwanamume. Homa ya ini ya virusi B na C ipimwe kwenye damu. Wala MRI haionyeshi kwa uhakika uvimbe unaounguza seli, na pale jibu hilo linapohitajika, biopsi bado ina nafasi yake.

Hatua ya 8: Kurudia kipimo

Kupungua uzito kwa asilimia 5 ya mwili hupunguza mafuta ya ini. Asilimia 7 hadi 10 hutuliza uvimbe, na kwa wengine hata makovu huanza kurudi nyuma. Dawa zipo pia: resmetirom iliidhinishwa Marekani mwezi Machi 2024 kwa wenye makovu ya wastani hadi makubwa ambao hawajafikia sirosisi, pamoja na chakula bora na mazoezi.

Mabadiliko yanapimwaje? PDFF ikishuka kwa asilimia 30 ya ilipokuwa, mfano kutoka 20 hadi 14, hapo kuna mabadiliko ya kweli, na tafiti zimeonyesha kwamba wanaofika hapo wana nafasi nzuri zaidi ya ini kutulia hata chini ya hadubini. Ikishuka kutoka 20 hadi 19, usisherehekee wala usikate tamaa, maana kipimo chenyewe kina mchezo wa namna hiyo. Muda wa kurudia ataupanga daktari, na miezi kadhaa ndiyo kawaida, si wiki. Rudia kwenye mashine ileile ikiwezekana, ukiwa umefunga vilevile, na jina la kipimo kwenye rufaa liwe lilelile.

Kabla ya kuondoka siku ya kwanza, omba picha zako kwenye diski au kiungo cha kuzifungulia, usichukue karatasi ya majibu pekee. Uliza kama ramani ya PDFF na ya R2* zimo, kwa sababu mara nyingi hubaki kwenye kompyuta ya kituo. Atakayesoma kipimo chako cha pili atazifungua zile za kwanza ubavuni, aweke maduara yake tisa palepale yalipowekwa mwanzo.